Taa ya Magharibi Katika Nyumba ya Panya

Tezi yenyewe ni ndogo, jamani. Ya panya haizidi punje ya ulezi, na imekaa juu juu tu chini ya fuvu, upande wa kisogoni, mahali ambapo ukifungua kwa pupa unaondoka nayo pamoja na mfupa usijue. Mara yangu ya kwanza niliitafuta nusu saa nzima ndani ya ubongo, kumbe imenata kwenye kipande cha fuvu nilichokwisha kukitupa kwenye beseni. Nililia. Mara ya pili niliipata, nikaibana kwa koleo ndogo, nikaiinua kwenye mwanga na kupiga kelele hadi mama wa panya akaja mbio na fagio mkononi akidhani nimeng'atwa.

Mama wa panya ndivyo tulivyomwita wote pale kituoni, naye aliitika. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa Zinga hapo hapo, wa ukoo wa wakulima. Yeye ndiye aliyewalisha panya wetu weupe, akawabadilishia maji na maranda, na asubuhi akaniambia yupi hakula na yupi ana kiburi leo. Mkataba wake uliandikwa upya kila mwaka. Kwa kazi hiyo alikuwa anajenga nyumba ya vyumba viwili. Ilikuwa imefika kwenye linta, imesimama, inangoja bati. Tangu siku ya kwanza aliniita mwanangu, nami nilimwamkia kila asubuhi kabla sijavua helmeti ya bodaboda.

Kituo chetu hakikuwa na makuu. Nyumba nne za bati, nje kidogo ya barabara, katikati ya shamba la mihogo na viwanja vya watu wa Dar waliojenga ukuta na geti, nyumba yenyewe bado. Nilikuwa nafanya shahada ya uzamili, na profesa wangu, mtu wa bara, mpole, asiyepandisha sauti hata akikanyagwa, alinipa nyumba ya mwisho na panya wa makundi mawili. Akaniambia wakiisha hao hakuna wengine. Nyumbani Bagamoyo mjini, bibi yangu aliyenilea akiulizwa na majirani mjukuu wake anasomea nini, alijibu udaktari, basi. Habari ya panya hakuitaja kabisa.

Sasa ngojeni niwaeleze, maana raha yote iko hapa. Tezi hiyo, pineali, ni tezi ya giza. Usiku ukiingia inatengeneza melatonini, ambayo ndiyo inauambia mwili kwamba kumekuchwa. Malighafi yake ni serotonini. Mchana kutwa serotonini inajaa ndani ya tezi, tele, haina kazi. Usiku tezi inaichukua na kuigeuza, ndiyo maana usiku serotonini inashuka. Lakini tezi haijiamulii. Inangoja amri, na amri yenyewe ni noradrenalini, kemikali inayomwagwa juu yake na neva za simpathetiki, neva zile zile zinazoufanya moyo upige mbio na viganja vitoke jasho bila kukuomba ruhusa.

Na njia ya amri hiyo! Mwanga unaingia jichoni, habari inafika kwenye ubongo, na tezi iko pale pale jirani. Unadhani habari itavuka tu? Wapi. Inateremka hadi kwenye uti wa mgongo, inatokea kifuani, inapanda tena shingoni, inaingia kwenye kifundo kidogo cha neva kilichoko kila upande wa koo, ndipo inarudi kichwani. Ni sawa na mtu wa Mapinga anayetaka kwenda Zinga, akapitie kwanza Ubena kule mbele ya Chalinze. Siku profesa aliponichorea njia hiyo ubaoni nilicheka peke yangu darasani, nikajua nimepata kitu cha kunikosesha raha kwa miaka miwili.

Swali langu lilikuwa jepesi kulisema. Ukivikata vile vifundo viwili vya shingoni, njia ikakatika, tezi inabaki na nini? Noradrenalini kiasi gani, serotonini kiasi gani, mchana na usiku?

Kuvikata kulinichukua miezi kujifunza. Panya akishalala kwa dawa, unafungua shingo kwa mbele, unasogeza misuli, unakwenda hadi pale mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika kama panda ya manati. Kifundo kimejificha nyuma ya panda hiyo, cheupe, kinang'aa kidogo. Unakitoa kulia, unakitoa kushoto, unashona. Nusu ya panya niliwafanyia hivyo. Nusu nyingine niliwafungua shingo vile vile, nikakiona kifundo, nikakiacha, nikashona. Hao ni wa kulinganisha, ili asije mtu akasema ni kisu ndicho kilichowabadilisha. Waliokatwa unawajua kesho yake asubuhi: kope zinalegea, macho nusu yamefumba, kama watu waliokesha harusini. Nilipoziona kope za kwanza zimelegea nilimkumbatia mama wa panya. Yeye aliniuliza kama wanaumwa, nikamwambia hapana, ni alama kwamba nimekata penyewe. Akaniambia basi niwape pole, nami nikawapa.

Kwa kuwa sikutaka kupanda bodaboda usiku wa manane, tuliwageuzia panya saa. Taa ya chumba chao ilijizima saa nane mchana na kujiwasha saa nane usiku. Kwa hiyo mimi nikila chakula cha mchana, wao usiku unawaingilia. Mlango ulikuwa mzito, na nyuma yake pazia jeusi, mwanga hautoki wala hauingii. Mimi niliingia na taa nyekundu kichwani, ambayo macho ya panya haiyasumbui. Jioni niliswali kwanza magharibi kwenye stoo ya jirani, kisha saa moja, giza la panya likiwa limekolea, ndipo niliposhika kazi. Nje ya mlango, kwenye ukuta wa ukumbini, fundi alipanga swichi tatu kwa mstari: ya ukumbi, ya ofisi, na ya tatu ilikuwa ya kubonyeza. Ukiibonyeza, taa kubwa ya ziada ya chumba cha panya inawaka robo saa, inajizima yenyewe. Mama wa panya aliitumia asubuhi akitaka kuona vizuri pembeni.

Kundi la kwanza likaisha, tezi zikagandishwa, zikaenda Dar kwenye mashine. Mashine hiyo inasukuma kimiminika kwenye bomba jembamba, na kila kemikali inatoka kwa zamu yake na kuchora mlima kwenye karatasi. Mlima mkubwa, kemikali nyingi. Majibu yaliporudi nilianza na noradrenalini. Kwa wazima, milima imesimama sawasawa. Kwa waliokatwa, tambarare! Karibu na hakuna kabisa. Ncha za neva zilikufa na mzigo wake ukaenda nazo. Nilizunguka ofisi nikiimba.

Halafu nikageuza ukurasa wa serotonini, na wimbo ukaishia hapo. Waliokatwa walikuwa juu mchana, juu usiku, kama nilivyotarajia, maana tezi isiyopata amri haina sababu ya kuitumia. Lakini wazima nao walikuwa juu usiku! Wazima, wenye neva zao zote, kwenye giza totoro, serotonini iko juu kama saa sita mchana. Kwa karatasi ile ilikuwa sawa tu kukata na kutokukata. Miaka miwili ya maisha yangu, wallahi, karatasi moja inaniambia nilikuwa nacheza.

Profesa aliitazama, akanywa kahawa yake, akasema panya hawadanganyi. Akanipa kidude cha kupima mwanga, kadiri ya kiberiti, akaniambia nikiweke juu ya masanduku ya panya wa kundi la pili, kundi la mwisho, kabla sijachukua tezi hata moja. Nikaona ananipotezea muda. Nikakiweka.

Siku ya tatu nilikiunganisha na kompyuta, nikapigwa na butwaa. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, katikati ya usiku wa panya, muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, taa iliwaka robo saa kamili. Kila siku! Nusu saa kabla ya saa yangu ya kuchukua tezi. Basi ndiyo hiyo. Wazima waliona mwanga, amri ikakatwa, serotonini ikapanda juu mbio, nami nikaja na koleo zangu nikachuma uongo.

Mimi nina hasira za karibu, nakiri. Nilijua mtu mmoja tu mwenye kazi na ile swichi ya tatu, na ambaye jioni yupo akipiga deki ukumbini kabla ya kwenda kwake. Nilimfuata kwenye ndoo yake. Nikamwambia maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka natamani kuyameza: kwamba anafanya usafi wa asubuhi jioni ili kesho achelewe kuja, kwamba ameniulia kundi zima, kwamba kazi ya watu si shamba la mihogo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mlango ule saa nane ikishapita siugusi. Wewe ndiye uliyenikataza, nami nilikusikia."

Sikumwamini. Usiku huo huo niliandika barua ya malalamiko, kurasa mbili, kwa lugha ya kuumiza, na asubuhi nikamkabidhi profesa. Alisema mambo ya ajira si yake peke yake, barua itakwenda kwa utawala, na mkataba wa yule mama ulikuwa unakaribia kuandikwa upya. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika kama ninavyomwona yeye.

Alhamisi hiyo niliondoka mapema kwenda mjini, bibi alikuwa na maulidi nyumbani. Nilikuta wanawake wamejaa uani, harufu ya udi, pilau jikoni. Magharibi ilipokaribia bibi alianza wasiwasi wake wa kila siku. Kwetu nyumba haiachwi gizani wakati wa magharibi, hata robo ya dakika, hata chumba kisicho na mtu; watoto wanaitwa ndani, nguo zinaanuliwa, kila chumba kinawashwa taa. Nikiwa mtoto wa miaka minne alikuwa ananinyanyua nifikie swichi. Bibi hakuhitaji kunikumbusha. Adhana iliposikika nilikuwa nakata kachumbari, nikapita vyumba vyote na kurudi kwenye kitunguu changu bila kukatiza umbea niliokuwa nausimulia.

Ijumaa nikakitazama kidude. Alhamisi, giza tupu! Taa haikuwaka. Nilipiga meza kwa furaha. Si nilimgombeza Jumatano? Ameogopa, siku moja kajizuia! Na Ijumaa jioni taa ikawaka tena, saa ile ile, robo saa ile ile. Nikampelekea profesa ushahidi wangu kwa mbwembwe. Yeye akasema mtu hafukuzwi kwa kidude, anataka shahidi aliyeona kwa macho. Nikamwambia Jumatatu atakuwa naye.

Kuanzia siku zile habari ya barua ilipomfikia, mama wa panya aliacha kuniita mwanangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba, mtaalamu." Kwa heshima zote. Nilijifanya sijali.

Jumatatu jioni nilimwambia naumwa kichwa, nawahi nyumbani. Nikatoka kwa mlango wa mbele, nikazunguka nyuma ya mihogo, nikaingia ofisini kwa dirisha, mimi mtu mzima na buibui langu, nikajikwaruza goti kwenye nondo iliyopinda. Nikazima kila kitu. Nikaketi sakafuni nyuma ya mlango nilioufungua upana wa vidole viwili, macho yangu kwenye zile swichi tatu. Mbali kidogo nilisikia ndoo ikiburuzwa. Moyo ulikuwa unadunda hadi nikawaza neva zangu mwenyewe za simpathetiki, jinsi zilivyo kazini. Leo nampata, nilisema, leo nampata.

Ndoo ikasimama. Kimya. Giza likaanza kuingia kwenye pembe za ofisi.

Msikitini Zinga kukaadhiniwa.

Nikanyanyuka. Nikaweka mtandio sawa, nikaitikia adhana kwa chinichini, nikafungua mlango, nikatoka ukumbini, nikapitisha kiganja ukutani kutoka kushoto kwenda kulia kama ninavyofanya tangu nina miaka minne. Swichi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukumbi ukawaka, ofisi ikawaka.

Mama wa panya alikuwa amesimama mwisho wa ukumbi, mpini wa deki mkononi, ananitazama.

"Umeshawasha," alisema.

Niliutazama mkono wangu kama wa mtu mwingine. Ulikuwa bado uko ukutani, kidole juu ya kile kitufe. Nyuma ya mlango mzito, nyuma ya pazia jeusi, nilijua taa inawaka, panya wanafumba macho, na serotonini inapanda. Niliutoa mkono ukutani. Yeye aliiegemeza deki ukutani, akachukua kanga yake, akaenda kwake.

Astaghfirullah. Nililala macho. Alhamisi hakukuwa na taa kwa sababu mimi nilikuwa kwa bibi nakata kachumbari! Mwizi nilikuwa namsaka na tochi huku tochi nimeishika mwenyewe. Aibu ilinichoma, na chini ya aibu kulikuwa na woga: nikisema, kundi la kwanza limeharibika kwa mkono wangu, na profesa ana haki ya kuniambia nifungashe. Nikinyamaza, kuna mama mmoja Zinga nyumba yake itabaki kwenye linta. Nitasema ukweli, nilipima kunyamaza. Nilipima hadi alfajiri. Nikaswali, nikaenda.

Nilimsimulia profesa nimesimama. Hakuelewa mwanzoni, kwao bara hawana habari ya taa ya magharibi, ilibidi nimweleze bibi, na kunyanyuliwa kufikia swichi, na vyumba visivyo na mtu. Aliiacha kahawa yake ikapoa. Nilianza kuhesabu vitu vyangu vya kufungasha. Kisha akavuta karatasi ya serotonini ya kundi la kwanza, akaigeuza kwangu.

"Taa iliwapandisha wazima," alisema. "Waliokatwa iliwafanya nini?"

Niliitazama. Nilikuwa nimeitazama karatasi ile mara mia. Waliokatwa walikuwa juu mchana, juu usiku, na taa, siku zote zile... Hakuna. Haikuwafanya kitu! Walikuwa na macho, mwanga uliingia machoni mwao kama wenzao, chumba kimoja, taa moja, dakika zile zile. Lakini habari ilifika shingoni ikakuta daraja halipo. Tezi haikujua kama kuna giza, wala haikujua kama kuna taa. Niliivuta karatasi kwangu. Nilikuwa nauliza kukata neva kunabakisha kemikali gani, na mkono wangu wa kijinga umeuliza swali la pili, zuri kuliko la kwanza: tezi iliyokatwa, inasikia? Na jibu limekaa mezani wiki tatu, mimi nalia!

Profesa alikuwa anatabasamu, jambo nililoliona mara mbili tu katika maisha yangu. Akasema makosa si ushahidi, turudie kwa kukusudia. Kundi la pili tuligawe: siku nyingine taa iwashwe robo saa, siku nyingine isiwashwe kabisa, na wazima na waliokatwa wawemo katika zote. Nikaruka kukubali. Nilipofika mlangoni akaniita, akauliza siku za giza nani atauzuia mkono wangu. Kuiziba ile swichi kwa gundi haiwezekani, siku za taa inatakiwa, na kunihamisha mimi jioni haiwezekani, kazi ni yangu.

Nilimkuta mama wa panya anachambua maranda. Nilipiga magoti sakafuni, si kwa maigizo. Nilimwomba msamaha, nikamwambia nimekwisha kumweleza profesa ukweli. Alisema amesikia. Nikamweleza ninachohitaji. Alichambua maranda muda mrefu bila kunitazama. "Nitakuja kwa ajili ya panya," alisema, "mtaalamu."

Basi kila jioni ya giza alikuja akasimama pale ukutani, mkono wake wa kulia umeifunika swichi ya tatu. Mimi niliapa kwamba sasa nimezinduka, sitasahau tena. Jioni ya kwanza kukaadhiniwa, kiganja changu kikapita kwanza, pili, kikatua juu ya mgongo wa mkono wake. Jioni ya pili vile vile. Mkono wake ulikuwa mkavu, mgumu, na haukusogea. Tulitazama mbele hadi adhana ikaisha, kisha yeye akaenda stoo kuswali na mimi nikamfuata nikasimama ubavuni kwake.

Nusu ya kwanza ya tezi ikaenda Dar. Majibu yalifika kwenye simu yangu nikiwa nyuma ya bodaboda, nikamwambia dereva asimame, akasimama katikati ya barabara kwa mshtuko. Nilikuza picha kwa vidole. Wazima waliokaa gizani: serotonini chini! Chini kabisa, kile kibonde nilichokitafuta miaka miwili. Wazima walioonja taa robo saa: juu. Na waliokatwa, gizani, kwenye taa, mchana, popote, mstari mmoja, juu, hautikisiki. Noradrenalini yao tambarare kama mwanzo. Ilikuwa nzuri mno hadi nikamwonyesha dereva wa bodaboda, naye akasema hongera, dada, akadhani ni picha za ujauzito.

Nilikimbia kutoka getini. Mama wa panya alikuwa kwenye karo anasuuza chupa za maji. Nilimwekea simu mbele ya uso, nikamwonyesha mlima na kibonde, nikamwambia kibonde hiki ni mkono wako, mama, mkono wako uliokuwa kwenye swichi. Nilikuwa nahema, nacheka, machozi yananitoka. Alitazama kwa adabu. Akafuta mikono kwenye kanga, akatazama tena. Kisha akauliza, "Na ile barua uliyonishtaki nayo, imetoka jaladani?"

Nilishusha simu. Nilimwambia profesa ukweli, ndiyo, kwa mdomo. Barua ilikuwa imekwisha kwenda utawala, ikapigwa muhuri, ikaingia kwenye jalada lake, kurasa mbili za lugha ya kuumiza. Mkataba ulikuwa unaandikwa mwisho wa mwezi, na atakayeuandika atafungua jalada lile, si mdomo wa profesa. Mimi nilikuwa nimemaliza kuomba msamaha na kurudi kwenye milima yangu. Yeye, kila jioni aliyonishikia swichi, alikuwa anaiwaza barua.

Nilikwenda masjala dakika ile ile, simu bado iko wazi mkononi. Karani akaniambia karatasi ikishaingia kwenye jalada haitoki, inajibiwa. Basi nikaomba karatasi. Niliandika nikiwa nimesimama kwenye kaunta: kwamba mwenye kuwasha taa ni mimi, kwamba niliwasha kwa mazoea ya nyumbani kwetu, kwamba mfanyakazi niliyemshtaki alisema kweli tangu mwanzo na mimi ndiye niliyesema uongo bila kujua. Kabla haijapigwa muhuri nilirudi nayo kwenye karo, nikamsomea yote. Aliinamisha kichwa, akasikiliza neno kwa neno, kama mtu anayesikiliza mapatano ya ndoa.

"Andika pia kwamba mimi nilikuona," alisema.

Nikaandika. Karani akaiweka juu ya ile ya kwanza, ili atakayefungua jalada aanze na hiyo.

Yalibaki masanduku machache ya panya, na jioni hiyo ilikuwa ya giza. Saa kumi na mbili na nusu ilitukuta ukumbini, yeye upande wake wa ukuta, mimi nimekunja mikono kifuani, nimejiapiza. Leo hapana, nilijiambia, leo nimesomea, leo najua. Msikitini kukaadhiniwa. Mkono ukachomoka wenyewe kutoka kwapani, ukapita swichi ya kwanza, ukapita ya pili, ukafika. Safari hii mkono wake uligeuka, ukakishika kiganja changu, ukakikamata.

"Tulia, mwanangu," alisema. "Hicho chumba kina mtu wake."